Nani Aliyeituma Mashine? Neno 'Kutuma' kutoka Mwea hadi Simu ya Mkononi

UKIPITA Kagio siku ya soko, pale barabara ya kutoka Sagana kwenda Kutus inapobanwa na malori ya nyanya na vitunguu, huenda ukamsikia mama akimwambia kijana wa M-Pesa: "Kijana, nitumie elfu tatu kwa hii namba." Kijana anachukua simu, anabonyeza, kisha anaigeuza: "Haya mama, weka PIN." Naye mama anajibu bila wasiwasi: "Niwekee tu wewe, mimi miwani nimeacha nyumbani."

Hebu tulitazame hilo neno 'nitumie'. Mama amekusudia 'tuma kwa niaba yangu'. Lakini sentensi iyo hiyo, akiisema mwanafunzi kwa mzazi wake, maana yake ni 'tuma pesa zinifikie mimi'. Na tukiiondoa kibandani na kuipeleka kwingine, 'nitumie' inaweza pia kuwa 'nifanye mimi kuwa chombo chako'. Maana tatu, umbo moja. Wanasarufi wengi hulichukulia 'kutumia' kuwa ni 'kutuma' katika kauli ya kutendea. Kukitumia kitu, kwa mtazamo huo, ni kukituma kikakufanyie kazi.

Na mzizi huu -tum- umezaa ukoo mkubwa ajabu. Kuna mtume, mtumishi, mtumwa, matumizi, utumishi na tume. Taasisi yetu ya kuajiri wafanyakazi wa serikali inaitwa Tume ya Utumishi wa Umma. Jina hilo limebeba mzizi mmoja mara mbili. Wanaotengeneza istilahi za kompyuta nao wametupa 'programu tumizi'. Wala ukoo huu si wa Kiswahili peke yake. Mwenyeji wa Kagio anayezungumza Kikuyu cha Ndia husema 'gũtũma' kwa maana ya kutuma, na 'mũtũmwo' ni mjumbe. Anapoambiwa 'tuma pesa' hahitaji kamusi.

Ninalotaka kulifuatilia leo ni hili: katika ukoo wote huo wa maneno, kila anayetumwa ana aliyemtuma. Mtumishi ana bwana, tume ina aliyeiteua, mjumbe ana mwenye ujumbe. Je, kompyuta iliyo nyuma ya simu ya yule mama imetumwa na nani? Kwa muda fulani jibu lilikuwa rahisi. Siku hizi si rahisi, na historia ya miji hii ya Mlima Kenya inaonyesha lilivyobadilika.

Tuanze kabla ya kompyuta, maana watu wa hapa walikwisha kuonja kuamuliwa na mfumo zamani. Mashamba ya mpunga ya Mwea, yasiyo mbali na Kagio, yalianza kuchimbiwa mifereji katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, kwa nguvu za mahabusu wa vita vya Mau Mau. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1966 iliiweka skimu chini ya Bodi ya Taifa ya Unyunyizaji. Mkulima hakuwa mwenye shamba bali mpangaji mwenye leseni. Meneja ndiye aliyeamua maji yafunguliwe lini, shamba lilimwe lini na mbegu gani ipandwe. Mavuno yalipelekwa kwa bodi, isipokuwa magunia machache ya kula nyumbani. Kisha karatasi ilirudi ikionyesha makato: maji, trekta, mbolea, dawa. Kilichobaki ndicho kilichokuwa cha mpangaji.

Tazama vizuri mpangilio huo. Hesabu zilikuwepo na karatasi ilikuwepo. Yawezekana hata makato mengi yalikuwa sahihi. Kilichokosekana ni mtu wa kuulizwa, na nafasi ya mkulima kusema 'mwaka huu hapana'. Mwaka 1998 wakulima walikataa kupeleka mpunga kwa bodi wakataka kuupitisha kwenye chama chao cha ushirika. Januari 1999 kukawa na makabiliano na polisi, watu wawili wakauawa. Mambo yaliyokuwa yakijadiliwa kwa lugha ya uchumi, yaani bei, makato na ada, yalikuwa kwa hakika mzozo kuhusu nani anamtuma nani.

Wakati huohuo, pesa ndogondogo zilisafiri kwa njia nyingine kabisa. Aliye Nairobi alizitia kwenye bahasha akampa dereva wa matatu au jirani aliyekuwa akirudi nyumbani. Aliyepewa alichaguliwa kwa sifa moja: alikuwa 'mwĩhokeku', mwaminifu. Kiswahili kina neno la zamani kwa kitu kama hicho, nalo ni 'amana'. Amana si zawadi wala mkopo. Ni mali ya mtu iliyo mikononi mwa mwingine, na anayeishika hana ruhusa ya kuitumia. Imani, amana, mwaminifu, kuaminiana: haya nayo ni ukoo mmoja, tuliouchukua kutoka Kiarabu. Ubaya wa bahasha ni kwamba uaminifu wake ulikuwa wa mtu binafsi. Dereva akiugua, akiibiwa au akishawishika, amana imekwenda.

Jaribio la kwanza la M-Pesa lilifanyika kuanzia Oktoba 2005, Nairobi na Thika, kwa wateja wapatao 500. Halikuundwa kwa ajili ya kutumiana pesa. Vodafone na Safaricom, pamoja na shirika la mikopo midogo la Faulu, walitaka wakopaji walipe mikopo yao kwa simu. Wateja wakafanya mambo ambayo hawakuambiwa. Wengine waliwalipia mikopo jamaa walio mbali, wengine waliweka pesa asubuhi, wakasafiri mikono mitupu na kuzitoa jioni. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, ile nia ya mikopo ilikuwa imewekwa kando na mwito wake ukawa kutuma pesa nyumbani. Kwa maneno mengine, waliotumia mashine ndio waliosema itumwe wapi. Hili ni jambo la nadra katika historia ya kompyuta, na sidhani kwamba tumelipa uzito unaostahili.

Kwa nini watu waliiamini? Si kwa sababu waliielewa. Hadi mwaka 2015 seva kuu za M-Pesa zilikuwa Ujerumani. Muuza vitunguu wa Kagio akimtumia mia tano dada yake aliye Baricho, mwendo wa karibu tu, kumbukumbu ya muamala huo iliandikwa Ulaya kabla ya dada kusikia simu ikilia. Wala si kwamba hapakuwa na hofu. Miaka ya 2006 na 2007 kampuni za upatu zilizoahidi faida za miujiza zilikuwa zimeporomoka na akiba za watu, wakiwemo wengi wa eneo hili. Mwishoni mwa 2008 John Michuki, mbunge wa Kangema aliyekuwa akikaimu Wizara ya Fedha, aliagiza M-Pesa ikaguliwe. Wapo waliodai kuwa nyuma ya agizo hilo kulikuwa na mkono wa mabenki. Iwe iwavyo, swali lake halikuwa la kipuuzi: hizi pesa zote ziko wapi? Jibu lililotolewa Januari 2009 lilikuwa kwamba huduma ni salama. Pesa za wateja hazikuwa mali ya Safaricom. Zilishikwa benki na kampuni mdhamini kwa niaba ya wenyewe. Yaani zilikuwa amana, katika maana ileile ya bahasha ya dereva.

Lakini yule mama hakusubiri ripoti ya ukaguzi. Alichoamini ni vitu vitatu alivyoviona kwa macho yake. Kwanza ni ujumbe mfupi ulioingia katika simu mbili kwa wakati mmoja, ya mtumaji na ya mtumiwa, wenye kiasi kilekile na nambari ileile ya muamala. Pili ni daftari la wakala, lile kubwa lenye mistari, ambamo mteja aliandikwa jina, kitambulisho na kiasi, kisha akatia sahihi. Kompyuta ilikuwa na kumbukumbu bora kuliko daftari lolote, lakini daftari lilikaa pale mezani miaka na miaka. Cucu asiyejua kuandika aliweka kidole gumba. Tatu ni wakala mwenyewe, mtoto wa mtu fulani, ambaye kesho angekuwepo palepale.

Neno 'wakala' lilichaguliwa vyema. Wakala, kama wakili, ni mtu anayesimama mahali pa mwingine na kufunga jambo kwa niaba yake. Ukitaka kumlaumu, yupo. Baadaye kampuni iliongeza huduma iliyoitwa Hakikisha: kabla pesa hazijaondoka, jina la anayetumiwa hujitokeza na mtumaji hupewa sekunde chache za kughairi. Nitasema wazi kwamba kati ya majina yote ya Kiswahili yaliyobuniwa na kampuni za simu, hilo ndilo lililobeba fikra nzito kuliko yote. Ni amri, lakini anayeamriwa ahakikishe ni mtu, si mashine.

Mzizi -tum- uliingia kompyuta kwa mlango mwingine pia, wa uchaguzi. Tume yetu, kama jina lake linavyodai, imetumwa na wananchi. Mnamo Machi 2013 vifaa vya kuwatambua wapiga kura vilizimika katika vituo vingi na mtambo wa kupeperusha matokeo ukakwama, hata maafisa wakasafiri hadi Nairobi na fomu mkononi. Mwaka 2017 mitambo mipya ilinunuliwa, na safari hii mgogoro ukawa wa kufungua seva. Mahakama ya Juu iliagiza ukaguzi, tume haikutii kikamilifu, na Septemba 1 majaji wanne dhidi ya wawili wakabatilisha uchaguzi wa urais. Hapa Kirinyaga, ambako aliyetangazwa mshindi alikuwa amepigiwa kura kwa wingi, uamuzi huo haukupendwa. Mwaka 2022 tume ilifanya jambo jepesi kuliko yote: iliweka picha za fomu za vituo zaidi ya 46,000 kwenye intaneti, kila mtu ajumlishe. Malalamiko hayakuisha na kesi zikaenda mahakamani, lakini mabishano yalihamia kwenye fomu ambazo hata kijana wa Kagio mwenye simu na kifurushi cha data angeweza kuzisoma. Ule ulikuwa ujumbe wa M-Pesa kwa taifa zima, uliofika simu mbili.

Turudi sokoni. Novemba 2012 Safaricom na benki ya CBA walileta M-Shwari. Jina ni la baharini: shwari ni utulivu wa bahari isiyo na upepo wala mawimbi. Tayari kulikuwa na Okoa Jahazi kwa wanaokopa muda wa maongezi, na Januari 2019 ikaja Fuliza, kitenzi chenye maana ya kuendelea kutenda bila kukoma. Inafurahisha kuona msamiati wa mabaharia ukipanda mlima. Hata hivyo, nyuma ya maneno hayo matulivu jambo kubwa lilikuwa limegeuka.

Katika kutuma pesa, kompyuta ilikuwa mjumbe. Ilipewa kazi moja, ikaitekeleza, ikarudi na habari. Katika M-Shwari ilipewa kiti cha hakimu. Ilitazama historia ya mteja, jinsi anavyonunua muda wa maongezi, anavyoweka na kutoa pesa, kisha ikaamua kama anastahili mkopo, na wa kiasi gani. Ada ilikuwa asilimia 7.5 kwa mwezi. Hapakuwa na fomu, mdhamini wala afisa wa benki wa kumnyenyekea. Kwa mama wa sokoni ambaye benki haikuwahi kumtazama, hiyo ilikuwa heshima, na ni kosa kulidharau hilo. Nimesikia wafanyabiashara wakisema afadhali simu kuliko meneja, kwa sababu simu haiulizi mumeo yuko wapi.

Kiswahili kina maneno ya kutofautisha hatua hizi, tatizo ni kwamba hatuyatumii. Kumtuma mtu ni kumpa kazi. Kumkabidhi ni kumpa kitu akitunze. Kumkasimu madaraka ni kumpa uwezo wa kuamua kwa niaba yako, na hapo ndipo aliyekasimu hubaki na jukumu la kile kilichoamuliwa. Ndugu zetu wa Tanzania hulitumia neno 'kasimu' sana katika lugha ya utawala. Huku kwetu limelala. Tungeliamsha, tungeona mara moja kwamba yule mama hakuikasimu mashine chochote katika suala la mkopo. Aliyeikasimu ni mkopeshaji. Simu ni ya mama, kidole kinachobonyeza ni cha mama, menyu inamwita 'mtumiaji', lakini hakimu aliye ndani ametumwa na upande wa pili.

Sikiliza lugha ya kibandani kiwango cha mkopo kinaposhuka. "Kijana, mbona juzi nilikuwa napewa elfu tano na leo wananiambia mia tano?" Kijana anainua mabega: "Mama, ni system." Au: "System imekataa." Kisarufi sentensi hii ni kamilifu, ina kiima na kiarifu. Kimaana imemficha mtendaji. Zamani tulisema 'ofisi imekataa', na hata hapo ulijua kwamba ofisini kuna mlango, na nyuma ya mlango kuna mtu. Wakala ambaye katika kutuma pesa alikuwa na majibu, hapa ni mtazamaji kama mteja. Kibanda ni kilekile, simu ni ileile, imani aliyoijenga mama tangu 2007 imehamishwa kutoka kwa mjumbe hadi kwa hakimu bila yeye kuulizwa.

Baada ya M-Shwari zilifuata programu nyingi za mikopo. Baadhi zilikuwa zikichota orodha ya majina yaliyo kwenye simu ya mteja, na akichelewa kulipa, zikawapigia jamaa, wakwe na hata kiongozi wa kanisa. Deni la elfu mbili likawa aibu ya ukoo. Bunge lilipitisha mabadiliko ya sheria ya Benki Kuu mwaka 2021, na kanuni za Machi 2022 zikawalazimisha wakopeshaji hao kuchukua leseni na kuacha vitendo hivyo. Serikali nayo ilizindua Hazina ya Hasla Novemba 30, 2022, mikopo ya kuanzia shilingi 500 hadi 50,000. Humo pia ni kompyuta inayotangaza kiwango cha kila mtu.

Sheria yenye uzito zaidi kwa mada yetu ni ya miaka michache nyuma, nayo haijulikani sana sokoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, katika kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutowekwa chini ya uamuzi uliofanywa na mashine peke yake ikiwa uamuzi huo unamgusa kwa kiasi kikubwa. Anaweza kuomba uangaliwe upya. Ndani yake, hata hivyo, kuna milango ya kutokea: haki hiyo haisimami ikiwa uamuzi ulihitajika katika mkataba, au sheria nyingine inaruhusu, au mhusika aliridhia. Na nani hajaridhia? Kila programu huanza kwa kitufe cha kukubali masharti, kurasa nyingi za Kiingereza, ambazo mama asiye na miwani hatazisoma. Kiswahili hutenganisha 'kukubali' na 'kuridhia'. Mpangaji wa Mwea alikubali masharti ya leseni kila mwaka. Mwaka 1998 ndipo ilipojulikana kwamba hakuwa ameridhia.

Kuna jambo jingine dogo la kisarufi. Kiingereza kinatumia neno moja kwa uhuru wa mtu kuamua mambo yake na kwa mtambo unaofanya kazi bila dereva. Sisi tunasema gari 'linajiendesha', ila mtu 'anajiamulia' au 'anajitawala'. Kirejeshi -ji- kipo pande zote mbili, lakini vitenzi ni tofauti, na nadhani tuvilinde visichanganywe. Mtambo unaojiendesha bado unakwenda alikoelekezwa. Hata 'tarakilishi', ambalo huelezwa kuwa limeunganishwa kutokana na tarakimu na akili, linamsifu aliyeumbwa na kumsahau aliyeumba. Labda ndiyo maana mitaani watu wamebaki na 'kompyuta' yao, jina lisilodai chochote.

Yule kijana wa Kagio, nimesahau kuwaambia, hukataa kumwekea mama PIN. Humsomea nambari kwenye kibodi, hapa ni moja, hapa ni mbili, kisha anageuka na kutazama barabarani huku mama akibonyeza polepole. Ujumbe unaingia: imethibitishwa. Mama hatosheki. Anatia sahihi kwenye daftari, anasubiri pembeni karibu na kreti za nyanya, hadi simu inalia na sauti kutoka Karatina inasema, "Mama, imeingia." Wanasarufi tungependa iwe 'zimeingia', kwa kuwa ni pesa. Hapo ndipo anapoitia simu mfukoni. Kuhusu ile mia tano badala ya elfu tano, bado hajui ampigie nani.